Nani Mwenye Dhambi Katika Kijiji Hiki?

Umefika wakati wa mazungumzo yetu, msikilizaji, na leo nataka tuzungumze juu ya dhambi.

Najua wako ambao wakisikia neno hilo mkono unakimbilia redio kutafuta stesheni yenye muziki. Subiri kidogo, ndugu yangu. Mimi si mchungaji wala padri, na sina sadaka ya kukuomba. Nina swali moja tu, ambalo watu wa nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania wamekuwa wakiulizana tangu kabla halijajengwa kanisa hata moja kati ya Mto Ruaha na Ziwa Nyasa. Ubaya unakaa wapi? Na unakaa kwa nani?

Tuanzie mahakamani. Mtu amesimama kizimbani. Amemkata mwenzake panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, au amekula fedha za kikundi cha akina mama waliokuwa wakichangishana kila Jumamosi. Hakimu anamwuliza kama ana lolote la kusema. Jibu tunalijua hata kabla hajafungua kinywa: "Mheshimiwa, ni shetani tu alinipitia." Basi. Shetani alikuwa na safari zake, akapita, akaacha maiti au deni, akaendelea na njia yake. Mwenye mkono ulioshika panga hayumo kabisa katika habari hiyo.

Utetezi huu ni mkongwe. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu alipoulizwa kuhusu lile tunda alimtaja mwanamke, na ndani yake akamlaumu Mungu pia, maana ndiye aliyempa huyo mwanamke. Mwanamke naye akamtaja nyoka. Nyoka hakuulizwa kitu, la sivyo naye angetafuta wa kumsingizia. Waandishi wa zamani walijua jambo hilo juu yetu: mtu akishikwa, kidole chake kinakwenda kwa mwenzake.

Sasa tuje kwetu. Katikati ya miaka ya 1930 waliishi Rungwe mtu na mkewe, wataalamu wa elimu ya jamii, Godfrey na Monica Wilson. Walikaa na Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakahudhuria misiba, matambiko na mabaraza. Godfrey alifariki mwaka 1944 akiwa bado kijana. Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyeandika vitabu ambavyo mpaka leo mtu akitaka kuijua Rungwe ya wakati ule lazima avipitie. Ukivisoma unakuta wazee wetu walikuwa na mawazo mawili kuhusu ubaya, na walikuwa nayo yote mawili kwa wakati mmoja.

Wazo la kwanza: ubaya ni hasira iliyofichwa moyoni. Baba akimkasirikia mwanawe na akanyamaza, mtoto anaweza kuugua. Jirani wakimnung'unikia mtu kwa sababu amemdharau mzazi wake, au amechinja ng'ombe akala peke yake na watu wake, pumzi yao humfikia, akaanza kutetemeka kwa baridi na homa. Dawa yake ilikuwa kusema. Ndugu walikusanyika, na mwenye kinyongo alitakiwa akitoe mbele ya wote, kwa kauli, bila kuzungukazunguka. Baba alikiri kwamba ndiyo, nilikasirika, na sababu ni hii na hii. Kisha alichukua maji kinywani akayapuliza nje, na hasira ikahesabiwa kuwa imetoka. Kama kulikuwa na mtu pale aliyeficha lake moyoni, tambiko lote lilikuwa bure. Mngeweza kuchinja na kunywa mpaka asubuhi, mgonjwa asipone.

Angalia uzito wa jambo hilo. Hakuna aliyekuwa salama kwa cheo chake. Baba mwenye nyumba, mzee anayeheshimiwa, ndiye aliyetakiwa kufungua kinywa na kusema ubaya umetoka kwangu.

Wazo la pili lilikuwa tofauti. Wako watu fulani, si wote, ambao ndani ya tumbo lao anakaa chatu. Hao ndio wachawi. Usiku huruka, hula watu kutoka ndani, na kinachowasukuma ni uchu wa nyama na maziwa. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, kazi ni kumtafuta mwenye chatu. Walikuwa na mwavi, ile dawa ya kunywesha watuhumiwa: akitapika ni mzima, asipotapika ni yeye.

Basi hapo, msikilizaji, pana njia panda. Wazo la kwanza linasema ubaya unaweza kuwa ndani yangu leo, ndani yako kesho, na njia ya kupona ni mimi na wewe kusema ukweli. Wazo la pili linasema ubaya una mwenyewe, ana jina, ana nyumba pale mwisho wa kijiji, na njia ya kupona ni kumwondoa. Leo nataka kudai jambo moja tu: mafundisho ya Kikristo juu ya dhambi, yakieleweka sawasawa, yanasimama na wale wazee waliopuliza maji. Na sisi Wakristo wa Mbeya na Iringa, pamoja na makanisa yetu yote, kwa sehemu kubwa tumekwenda kusimama na wale waliomtafuta mwenye chatu.

Wamisionari walifika Unyakyusa mwaka 1891. Wamoraviani, akina Theodor Meyer, walijenga Rungwe. Walutheri wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza upande wa pili wa bonde, na baadaye wakapanda kwenda Ubena na Uhehe. Wakatoliki nao, kwanza Wabenediktini na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia, wakaijenga Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Wote hawa, pamoja na kutopatana kwao, walikuja na neno moja ambalo Mtume Paulo analikazia katika waraka wake kwa Warumi: wametenda dhambi wote. Myahudi na Myunani, mwenye torati na asiye nayo. Wote.

Wamoraviani walikuwa na sababu ya pekee ya kulijua hilo. Kanisa lao lilizaliwa upya kutokana na ugomvi. Walikuwa wakimbizi wa imani waliopewa hifadhi Ujerumani katika shamba la bwana mmoja aitwaye Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722. Baada ya miaka michache tu, watakatifu hao waliokimbia mateso wakaanza kuraruana wenyewe kwa wenyewe juu ya mafundisho na taratibu za ibada. Zinzendorf alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi. Tarehe 13 Agosti 1727, wakiwa katika Meza ya Bwana, walipatana, na siku hiyo Wamoraviani wanaiadhimisha mpaka leo, hata Rungwe na Mbeya mjini. Watu wa namna hiyo hawakupaswa kushangazwa na baraza la Wanyakyusa la kutoleana kinyongo. Walikuwa wametoka katika baraza la namna hiyohiyo.

Lakini kilichotokea ni kingine. Dhambi iligeuka kuwa orodha. Pombe, ngoma, ndoa ya mitala, kwenda kwa mganga. Aliyefanya kimojawapo alitengwa, hakushiriki Meza ya Bwana mpaka arudi kundini. Sisemi orodha ile yote ilikuwa ya uongo. Ila itazame vizuri uone ni dhambi za nani. Ni dhambi zinazoonekana, na nyingi ni za mtu mnyonge. Binti akipata mimba tumbo linamshitaki mwenyewe; kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya, sauti ya tatu. Jambo hili halikuishia kwa wamisionari wa Kijerumani. Wengi wenu mnaonisikiliza mmeliona kwa macho yenu.

Na orodha ile haikuwa na nafasi ya dhambi kubwa zaidi ya wakati ule. Wakati wa Vita vya Majimaji, kuanzia mwaka 1905, majeshi ya serikali ya Kijerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi, Ungoni na Ubena zikiwemo. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Aliyechoma ghala la mtama la watu wasio na chakula kingine hakutengwa na kanisa lolote. Yeye alikuwa anatimiza wajibu wake. Nyani haoni kundule, na nyani mwenye bunduki haoni kabisa.

Nalisema hili si kwa ajili ya kulaumu wafu. Linatusaidia kuona kwamba fundisho lenyewe lilikuwa kali kuliko waliolileta. Wametenda dhambi wote, maana yake na mleta habari, na afisa wa boma, na mfalme wake kule Berlin. Ukilishika fundisho hilo kwa mkono wako mwenyewe unaweza kumwuliza nalo mtawala. Ukigeuza dhambi kuwa orodha, unabaki kuwauliza mabinti.

Hapo namkumbuka Mwafrika mwenzetu, Augustino. Alizaliwa mwaka 354 Tagaste, mji ulioko katika nchi tunayoiita leo Algeria, akawa askofu wa Hippo, akafa mwaka 430. Watu wa magharibi wamemfanya wao, lakini ni wa bara hili. Katika kitabu chake cha maungamo anasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 16 aliiba mapeasi usiku pamoja na wenzake. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwao yalikuwepo mapeasi mazuri zaidi. Waliyaiba, wakayaonja kidogo, wakawatupia nguruwe. Mzee huyu, askofu mwenye heshima, anarudi kwenye yale mapeasi miaka mingi baadaye na kuyachunguza kurasa kwa kurasa. Kwa nini niliiba? Hakusema shetani alinipitia. Alikuta kwamba alipenda ule ubaya wenyewe, na kwamba asingeufanya kama angekuwa peke yake; kundi lilimpa ujasiri. Kila mzazi wa Mbeya anayejua kinachoendelea kwenye vijiwe anaelewa alichokisema Augustino.

Fundisho alilolijenga ndilo linaloitwa dhambi ya asili. Kwamba mtu hazaliwi ukurasa mweupe; anazaliwa katika ukoo uliokwisha kujikwaa. Makanisa yamelichukua kwa namna mbalimbali. Mkatoliki atakuambia asili yetu imejeruhiwa lakini haijafa, na neema inaiponya. Mlutheri atakuambia moyo wa mtu umejikunja ukajigeukia wenyewe, hata anapotenda mema anajitafuta. Mpentekoste wa Soweto ya Mbeya au wa Kihesa ya Iringa atakuambia uzaliwe mara ya pili. Ndugu zetu Waislamu hawakubaliani nasi hapa: kwao mtoto huzaliwa safi katika umbile lake, wala habebi kosa la Adamu. Hiyo ni hoja nzito na inastahili jioni yake. Lakini hata wao na sisi tunakutana mahali pamoja: mtu mzima hana pa kujificha, atajibu kwa matendo yake.

Wako watakaoniambia, mwenzetu, fundisho hili linamvunja mtu moyo. Kila Jumapili kumwambia mkulima aliyechoka kwamba yeye ni mdhambi, hafai, ni mavumbi. Nakubali, limetumika hivyo. Ila wanaolitumia hivyo wameanza kusoma Biblia kwenye sura ya tatu ya Mwanzo. Sura ya kwanza inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Heshima inatangulia, kosa linafuata. Kitu kisicho na thamani hakiwezi kuharibika. Ni kwa sababu mtu ni wa thamani ndiyo maana ubaya wake unauma hivi.

Sasa tushuke sokoni, maana dhambi ya kwenye vitabu haimkoseshi mtu usingizi. Twende Uyole, au Isyonje, au magulioni kule Njombe, msimu wa viazi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Halafu linaongezewa. Linashonewa wavu juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja kama anayejenga, mpaka juu ya gunia panaota kichuguu. Vijana wawili wanalishindilia kwa magoti, kamba inapita, linafungwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na serikali imekwisha kupiga marufuku lumbesa mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Gunia lile linaondoka pale limepita kilo hizo kwa mbali, na mkulima analipwa bei ya gunia moja.

Muulize mnunuzi kwa nini. Atakuambia kule Dar es Salaam wenzake wote wanapeleka lumbesa, akipeleka gunia la kawaida hapati mteja, na njiani ana ushuru na gharama zisizo na risiti. Muulize dalali. Atakuambia yeye anafuata mnunuzi anachotaka. Muulize mkulima. Mkulima ameonewa, hilo halina ubishi. Lakini chungulia na yeye: viazi vidogo na vilivyokatwa na jembe viko chini kabisa ya gunia, vizuri viko juu kwenye wavu. Kwa nini, mzee? Kwa sababu wananiibia kwenye kipimo, nami nifanyeje? Fuata gunia mpaka sokoni mjini. Pale viazi vinapimwa kwa sado au kopo ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Muulize mama muuzaji. Atakuambia gunia ameuziwa ghali na chini limejaa uchafu.

Hebu niambie, katika safari hiyo yote kutoka mlimani mpaka mezani kwako, mwizi ni nani? Kila mmoja ana jibu, na jibu la kila mmoja ni la kweli kwa sehemu. Kila mmoja ameibiwa. Na kila mmoja ameiba. Shetani hakuhitaji kupita pale hata mara moja. Hicho ndicho Paulo na Augustino walichokuwa wakikisema, nami sijaona mahali kinapoonekana vizuri zaidi kuliko katika gunia la viazi la Mbeya: dhambi si doa la mtu mmoja mbaya, ni utaratibu ambao tumeingia wote, na kila mtu anautetea kwa kuonyesha jeraha lake.

Na Jumapili asubuhi mkulima, dalali, mnunuzi na mama muuzaji wote wako kanisani. Wanasoma pamoja sala ya toba. Kisha mahubiri yanaanza. Mahubiri ni juu ya nani? Ni juu ya mapepo. Ni juu ya adui aliyefunga biashara yako, jirani anayekuonea wivu, bibi wa ukoo aliyezika kitu mlangoni. Mikono inapaa juu, adui anachomwa moto, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyesikia habari ya gunia.

Sisemi mapepo hayapo. Anayesoma Injili anamkuta Yesu akitoa pepo, na siwezi kuzifuta kurasa hizo. Lakini Yesu huyohuyo alipoulizwa nini kinamtia mtu unajisi alisema ni kile kinachotoka ndani ya moyo wake, akataja wizi, tamaa na hila kwa majina. Kanisa linalohubiri pepo kila juma na moyo mara moja kwa mwaka limepoteza kipimo chake.

Na matokeo yake si maneno tu. Watu hapa petu wana historia ndefu ya kusafiri kumtafuta mwenye chatu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 alivuma mganga mmoja kule Rumphi, kaskazini mwa Malawi, aliyeitwa Chikanga. Watu walitoka hata Uhehe, wakavuka mpaka wa nchi, wakakaa wakisubiri zamu, ili awataje wachawi na kuwatakasa. Alison Redmayne, mtafiti aliyekaa miaka mingi na Wahehe, aliandika habari hizo. Wengi wa waliokwenda walikuwa watu waliofiwa, wenye maumivu ya kweli. Walitaka jina. Siku hizi hawavuki mpaka. Wako wanaoitwa lambalamba, wanaingia kijijini kwa mwaliko, kila kaya inachangishwa, na jioni majina yanatajwa. Anayetajwa mara nyingi ni mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Sheria ya Uchawi iko tangu wakati wa Mwingereza, mwaka 1928. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Ramli haijaisha.

Na kuna upande mwingine wa shilingi hiyo ambao ni mchungu zaidi. Karibu na mwaka 2000, Mbozi ilisikika kwa mambo ya watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Mwanzoni mwa 2019 ikawa Njombe: watoto walichukuliwa, miili ikapatikana imekatwa viungo. Naibu waziri wa afya wa wakati ule alitaja watoto 10. Ilielezwa kwamba sababu ni imani ya kupata utajiri. Wazazi wa Njombe na Makambako wakawa wanawasindikiza watoto shule kwa mikono yao, na hakuna aliyemwamini jirani.

Wengi tulisema wakati ule: hawa si binadamu, ni wanyama. Naelewa hasira hiyo. Lakini nadhani ndipo tulipokosea tena njia. Waliofanya vile walikuwa binadamu. Walitaka gari, duka, nyumba ya vigae. Walitaka kile ambacho nusu ya mji inakitaka, na njia waliyoifuata waliipata kwa kuuliza watu. Tamaa ile haikutoka kuzimu ikiwa tayari imekamilika. Ilianza ndogo, mahali ambapo mtu anajifunza kwamba hasara ya mwenzake ni sawa ilimradi mimi nipate. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukisema ni wanyama, umejiweka wewe nje ya orodha, na siku tamaa yako itakapoanza kuota kichuguu hutaiona.

Tuelewane hapo. Kusema wote ni wenye dhambi si kusema makosa yote ni sawa. Muuaji wa mtoto ana kesi ya kujibu mahakamani, na mwenye lumbesa ana faini yake. Imani haiondoi hukumu. Inachokiondoa ni ile raha ya kusema ubaya wote wa kijiji unakaa katika nyumba ile moja.

Na hii ndiyo faida ya fundisho hili ambayo sisikii ikihubiriwa. Tunalisikia kama fundisho la kumdhalilisha mtu, kumbe ni ngao. Kijiji kinachoamini kwa dhati kwamba wote wametenda dhambi hakiwezi kumchagua mmoja awe mwenye dhambi kwa niaba ya wengine. Bibi wa mwisho wa kijiji anaingia katika hesabu ileile waliyomo mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, na mganga mwenyewe. Hakuna tumbo lenye chatu peke yake. Mkristo anayemkimbiza bibi huyo kwa mawe hajatumia imani kupita kiasi. Ameikana imani yake katika sehemu yake ya msingi.

Basi tufanyeje? Wazee wa Rungwe walijua jambo ambalo sala yetu ya toba imelisahau: kinyongo hutolewa mbele ya yule uliyemkosea. Sisi tunatubu kwa pamoja, kwa maneno yaliyochapishwa, kwa Mungu aliye mbali, na tunatoka mlangoni bila kumtazama mtu tuliyemwibia, naye ameketi benchi la nyuma yetu. Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu, hakuishia kulia. Alisema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yake ilikuwa na hesabu. Toba ya mnunuzi wa viazi nayo ina hesabu, na mizani iko Uyole. Toba ya mkulima iko chini ya gunia lake. Toba ya baraza la wazee wa kanisa ni kumwita na yule kijana wa kwaya, si binti peke yake.

Na siku watakapoitisha mkutano wa kumwalika lambalamba, na michango ikaanza kuandikwa kwenye daftari, wewe unayejiita Mkristo una neno la kusema, na ni imani yako inayokuagiza uliseme. Simama uwaambie kwamba kama tunamtafuta mwenye dhambi katika kijiji hiki, tusiende nyumba ile ya mwisho. Jina langu liandikwe la kwanza, na la katibu lifuate. Watakucheka. Wengine watakuuliza unamficha nani. Kaa hapohapo, na mkutano ukivunjika nenda ukalale ukumbini kwa yule bibi, wewe na wazee wenzako wa kanisa, mpaka watu wapoe.

Hayo ndiyo ya leo, msikilizaji. Kama una la kupinga, na najua wapo wachungaji watakaokuwa nalo, tuandikie. Nitasoma barua zenu hapahapa. Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya mashamba ya urithi na mabinti wasiopewa.